Mpira Ulioanguka Kati Yetu

Columbus, jioni ya kuamkia safari yako

Mapendo mwanangu,

Kwa niaba ya familia nzima, na kwa idhini ya mama yako ambaye hajaulizwa, natangaza kifo cha redio ya jikoni. Imetutoka leo saa kumi na moja na robo jioni, baada ya kuanguka kutoka juu ya friji. Marehemu tulimpata Louisville, uani kwa mzee mmoja aliyekuwa akihama na kuuza kila kitu mpaka vijiko. Ameishi nasi katika nyumba tatu. Hakuwahi kuugua, ila kukoroma kidogo mvua inapokaribia. Ameacha friji moja na mgane mmoja, ambaye ni mimi. Maziko ni kesho, kwenye pipa la taka, gari lenu likishakata kona, ili usije ukaahirisha safari kwa ajili ya msiba.

Chanzo cha kifo ni ajali. Ndivyo nilivyomwandikia mama yako, akiwa kazini kwa wale wazee anaowatunza, naye akanijibu kwa picha ya kidole gumba. Tuliache hapo kwanza.

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, nyumba imebaki na mimi na masanduku yako mawili mlangoni. Nimekaa kwenye ngazi za nyuma, daftari juu ya magoti. Jua la Agosti halina haraka. Limeegemea paa la jirani kama mtu anayetaka kuaga lakini bado ana maneno. Nikiwahi, nitamaliza kabla halijaondoka.

Ndani ya barua hii kuna jambo moja ambalo sijawahi kukuambia. Linahusu kiangazi kile ulipomaliza sekondari, ulipokuwa ukingoja simu ya kocha wa Buffalo. Nikishalisema, huenda ukakaa muda mrefu bila kunipigia, na hilo ndilo ninaloliogopa kuliko majira yote ya baridi ya huko uendako. Kwa hiyo ukiona nazunguka, jua ni woga. Nitafika.

Mambo ya koti, ya viatu vya theluji, ya kutoacha jiko linawaka, mama yako amekwisha kukuambia mara mbili, na shangazi yako Bahati kule Riverside, mtaa wa Buffalo, atakuambia mara ya tatu kabla hujamaliza kuvua viatu. Mimi sina la kuongeza. Mwaka wetu wa kwanza nilitoka kwenda kungoja basi nimevaa soksi na kandambili, theluji ikiwa imefika magotini. Mtu wa namna hiyo hashauri watu mambo ya hali ya hewa.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza mimi ni mtu mfupi. Nasema "yes", nasema "thank you", nasema "no problem", halafu nimeisha. Wewe unakiita Kiswahili changu "cha redio", kwa vile nilikisomea kambini Tanzania, kwa walimu waliokuwa wakali kuliko njaa. Sawa. Utakisoma polepole. Palipo pagumu muulize Juma, atakuwa kwenye usukani pembeni yako mpaka Buffalo, na mtu wa Tanga akiulizwa Kiswahili hufurahi kama aliyeulizwa habari za watoto wake. Isipokuwa kurasa za mwisho. Hizo usome kimya.

Unaukumbuka uwanja wa Louisville? Ulikuwa na miaka saba. Watu wa kanisa lililotupokea walitupeleka kutazama besiboli wiki ya tatu tangu tushuke kwenye ndege kuingia Marekani. Wakatuvisha kofia, wakatupa soseji ndani ya mkate, wakatuketisha. Nikangoja mchezo uanze. Baada ya kama saa nzima nikamuuliza mama yako kama wanamngoja mgeni rasmi. Kumbe ulikuwa umeanza zamani.

Kilichonishika ni wale watatu wa nyuma kabisa, waliosimama mbali kwenye majani, kila mmoja peke yake, mikono magotini, wakitazama. Hawakuwa wakifanya kitu. Nikasema kwa sauti, "Wale, ng'ombe wao wako wapi?" Mama yako akacheka mpaka soda ikampalia. Wewe ulikuwa bado unazungumza nami kwa Kiswahili siku zile. Ukanivuta shati ukauliza, "Baba, ng'ombe wamepotea?" Nikasema ndiyo, wamepotea, wanawatafuta. Ukawaonea huruma wale wachezaji mpaka ukalala.

Kule milimani nilikolelewa, juu ya Uvira, kazi yangu ya utotoni ilikuwa kusimama. Ukungu unapanda kutoka bondeni, unawafunika ng'ombe mmoja mmoja, mpaka unabaki unasikia tu wanavyong'oa majani. Huoni kitu. Husogei. Unatazama kwa masikio. Halafu kuna kitu kinabadilika, hata huwezi kukitaja, na miguu yako imeshakimbia kabla hujaiambia. Bado naota hivyo, Mapendo. Naota ukungu, na sauti ya kutafuna pande zote, na ninajua kwamba mmoja hayupo, lakini sijui ni yupi.

Miaka mingi baadaye nilikuja kukutazama Westerville, na jezi iliyokupwaya, ukicheza softiboli, huyo mdogo wake besiboli. Umesimama nyuma kushoto, mbali, mikono magotini. Ukaanza kukimbia kabla sijausikia mlio wa gongo. Ulikimbia bila kuutazama mpira, ukageuka, ukanyoosha glavu, na mpira ukaja kama ulikuwa na miadi nawe. Wewe umezaliwa kambini, hujawahi kuchunga hata mbuzi. Nilisimama pale kwenye uzio nikiwa na bakuli la wali wa mtu mwingine mkononi, nikasema: huyu anatazama kwa masikio.

Sikukuambia siku ile. Nilikuambia kwamba kamba ya kiatu ilikuwa imelegea.

Ngoja nikueleze kwa nini mchezo huu ulinikaa. Timu za Louisville, Columbus na Buffalo zote ni za ngazi moja, ngazi iliyo chini kidogo ya ile kubwa ya kwenye televisheni. Kila moja ina mkubwa wake juu, timu tajiri, na mkubwa akihitaji mtu anapiga simu tu. Jumanne umempenda mchezaji, umejua jina la mkewe, umemnunulia mtoto wako fulana yake. Alhamisi hayupo, amepanda. Watu wa miji yetu hii wamezoea kuwashangilia wanaoondoka. Nilipolielewa hilo nilisema moyoni, mchezo huu wameutunga wakimbizi. Unajiambia usimzoee mtu, na bado unamzoea.

Na wewe nilikuhamisha kama wao wanavyohamisha. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Nilisikia kwamba ghala moja Columbus linalipa saa vizuri zaidi; nikakuambia Ijumaa, Jumamosi tuko barabarani. Ulikaa nyuma na redio mapajani, hii marehemu, na hukusema neno toka Louisville mpaka tumeipita Cincinnati. Ulikuwa na rafiki, yule msichana wa mlango wa pili mwenye meno mawili yaliyochomoza mbele, na hukumuaga kwa sababu Ijumaa hakuwepo. Sikukuuliza. Ningekuuliza ungelia, na pengine tungehama vilevile. Lakini ungehama ukiwa umeulizwa. Imenichukua miaka mingi kujua kwamba hizo ni safari mbili tofauti, hata kama barabara ni moja.

Sasa twende mezani. Unaijua ile meza ya pili kutoka mlangoni, chumba cha chakula cha ghala. Umekula pale miaka miwili. Lakini ulikuja tumeshazeeka. Enzi zetu hasa zilikuwa vita. Juma upande mmoja, na vidole vyake vyenye mafuta ya foklifti. Upande mwingine Elia, shemasi wa kanisa letu, mtu wa Kivu kama sisi, aliyejifunza besiboli ili apate kuilaani. Na baba yako katikati, hakimu asiyelipwa.

"Bon, mie nauliza," Elia huanza, akigonga meza kwa kijiko. "Kijana batu bamemulea, bamemufundisha, leo amepata jina, donc anabaacha juu ya franga, juu ya pesa? Ile ni roho gani?"

"Shemasi, acha wivu," Juma humjibu. "Ghala la jirani wakikuongezea dola moja kwa saa, kesho hatukuoni."

"Mie niko mutu ya uaminifu."

"Uaminifu wako una shifti ngapi kwa wiki?"

"Weye Juma, makuta ya ule kijana ingelisha kijiji yote!"

"Na mwenye timu je? Yeye anacheza nafasi gani? Mbona yeye humuulizi?"

Hapo ndipo baba yako husimama. Najua unaniona, kijiko mkononi, mchuzi kwenye kidevu. Huwaeleza sheria yao: kwamba miaka yake ya kwanza mchezaji ni wa timu, wakitaka wanampeleka, wakitaka wanamkalisha, hata mshahara hachagui, ila akishatimiza miaka yake anakuwa huru, anakwenda anakotaka, kwa yeyote anayemtaka. "Mtu ametumikia!" nasema. "Amevunjika goti kwa ajili yenu! Sasa mnamlilia nini? Mfungulieni mlango!" Meza za jirani hupiga makofi, hata wale Wanepali ambao hawaelewi neno.

Siku moja Elia aliniacha nimalize. Akafuta mdomo taratibu.

"Na Mapendo?" akauliza. "Yee akimaliza myaka yake, mulango utafungua?"

"Mkataba wa Mapendo na mimi hauna tarehe ya mwisho," nikasema.

Wote wakacheka. Nilicheka kuwashinda.

Wewe vita vyetu ulivimaliza kwa daftari moja. Ulikuwa na miaka kumi na minne, tunachoma nyama nyuma ya nyumba ya Elia, tunamsema yule kijana mwembamba wa timu ya Columbus tuliyemwita Mwalimu Mkuu kwa sababu hakuwa na haraka ya kitu chochote. Juma alisema hajui kupiga. Elia alisema mshahara wake ni sadaka. Mimi nilisema arudi kwao akalime. Ukaja na daftari la shule, lenye mistari uliyoipiga kwa rula, ukaliweka juu ya sahani yangu. Ulizungumza Kiingereza, lakini nakumbuka kwa Kiswahili: "Baba, mnahesabu anapopiga. Hesabuni anapofika."

Ukatuonyesha. Huyu bwana hakupiga sana, lakini alijua kungoja. Mrushaji akikosea mara nne, mpigaji anatembea bure mpaka kituo cha kwanza, na yeye alikuwa akitembea kila siku, kimya, huku sisi tunamtukana. Tuliokuwa tukiwasifu walipiga kwa kishindo, mpira ukadakwa, wakaenda kukaa. Juma aliligeuza daftari juu chini, akalirudisha kwa mikono miwili kama anarudisha msahafu. "Huyu mtoto," akasema, "atatufukuza kazi." Mwezi haukuisha, simu ikaja kutoka juu, Mwalimu Mkuu akapanda. Elia alikununulia soda na hakukutazama usoni.

Nimelibeba neno lako hilo. Mimi nimekuwa mtu wa kishindo. Nimehama kwa kishindo, nimesema kwa kishindo, nimesimama mezani. Mama yako amekuwa akitembea kimya mpaka kituo cha kwanza kila siku ya maisha yetu, na ndiye aliyetufikisha. Sikumhesabia.

Kuna jingine ulilonifundisha, na hili linauma. Ubao wa besiboli unaandika vitu vitatu kwa kila timu: waliozunguka wakarudi nyumbani, mipira iliyopigwa vizuri, na makosa. Sijui mchezo mwingine unaowasha makosa ya watu kwa taa, juu, yaonekane mpaka barabarani. Nilisema ningeishi kwenye mji wenye ubao kama ule ningetembea usiku tu. Ukacheka. Halafu ukanieleza mwanya uliomo. Mpira ukipaa, wachezaji wawili wakaukimbilia, kila mmoja akadhani mwenzake ataudaka, ukaanguka katikati ya viatu vyao, mara nyingi haliandikwi kosa la mtu. Hakuna aliyeugusa. Ubao unabaki safi. "Sio haki," ulisema, na ulikuwa umekasirika kweli. "Uwanja mzima umeona."

Basi kati yetu mimi na wewe kuna mpira ulioanguka hivyo. Miaka miwili ubao uko safi.

Kiangazi kile kila nikirudi kazini uliitazama simu yangu kabla ya kunitazama mimi. Kocha alikuona kwenye mashindano ya Westerville, akakuambia atampigia mzazi wako, nawe ukampa namba yangu kwa kuwa yako ilikuwa imekatika. Ulingoja wiki tatu. Kisha glavu ikaenda chini ya kitanda, ukachukua shifti ghalani, ukajiandikisha chuo cha miaka miwili hapa hapa, ukajaza madaftari takwimu za watu wengine. Jioni moja ulisema, bila kulia, "Sikuwa mzuri kiasi hicho, Baba. Takwimu hazidanganyi."

Takwimu zako zilikosa kitu kimoja, mwanangu. Kilikuwa kwangu.

Sasa kwa alama zako mwenyewe umepata nafasi kwenye chuo kile kile, kusomea hizo takwimu. Ningependa kukuambia kwamba ni dhamiri iliyonisukuma kuandika. Nimeangalia kwenye mtandao: yule kocha bado yuko, na uwanja wao uko humo humo. Nimeogopa atakuambia kabla yangu. Huo ndio ushujaa wa baba yako, upime uonavyo.

Jua limeshuka kwenye uzio. Kimebaki hiki tu. Hivi ndivyo ilivyokuwa.

Alipiga siku ya Jumanne, mchana. Nilikuwa jikoni peke yangu, redio inatangaza mechi. Sauti ya mwanamke, changamfu. Alisema amekuona, anakutaka, chuo kitabeba sehemu kubwa ya gharama za masomo, na anahitaji jibu letu kabla ya Ijumaa kwisha. Nilimwelewa kila neno. Usije ukadhani sikumwelewa.

Kwetu, Mapendo, wageni wakija kumwomba binti, baba hasemi ndiyo siku ya kwanza. Akisema ndiyo siku ya kwanza amemtupa mwanawe. Husema: huyu bado mdogo, ni mvivu, hata ugali haujui, hamtamweza, tafuteni kwingine. Kila aliyeketi pale anajua maana yake ni kwamba tunampenda, njooni tena, njooni wengi. Wageni hutabasamu, wakaaga, wakarudi na watu zaidi na heshima zaidi. Na mimi nilikuwa nimetoka kubishana mezani mwaka mzima kwamba mchezaji mwenye akili hakubali ombi la kwanza. Mambo hayo mawili yakakutana kichwani mwangu, yakapeana mikono.

Nikamwambia, kwa Kiingereza changu kifupi, kwamba Mapendo bado mdogo. Kwamba ni mzito wa miguu. Kwamba si mtu wa kutegemewa. Nikamwambia atafute mwingine, nikarudia, kwa ajili ya heshima yako. Nilisema yote hayo nikitabasamu, kama inavyopasa. Simu haionyeshi tabasamu.

Akasema anashukuru kwamba nimekuwa mkweli.

Nikakata simu nikiwa nimejaa fahari. Nikaandika namba yake kwenye karatasi. Nikanunua kreti mbili za soda, nikapangusa makochi. Mama yako akauliza wageni gani. Nikasema, "Utawaona." Nilifikiri watakuja watatu, labda na mkuu wa chuo.

Alhamisi nikamsimulia Juma, kwa kujisifu. Akaweka kikombe chini.

"Ulimwambia atafute mwingine?"

"Mara mbili."

"Bwana we," akasema, na sijawahi kumwona na uso ule. "Huku ukisema hapana wanaandika hapana. Huku hawarudi. Toka nje umpigie, sasa hivi."

Nilitoka. Nilisimama kwenye maegesho, namba mkononi. La Jumanne lilikuwa la ujinga, na ujinga wangu tumeuzoea sote. Lakini Alhamisi nilijua. Nilikuwa na siku nzima na nusu, na simu yenye chaji. Nikaiwazia jikoni asubuhi bila wewe, kikombe chako kimeinamishwa kwenye kabati. Nikaona ukungu, nikasikia mmoja hayupo. Nikaikunja karatasi. Nikarudi ndani nikamwambia Juma hapokei.

Hakuniamini. Miaka miwili amenyamaza kwa ajili yangu, lakini tangu siku ile nikisimama mezani kusema mfungulieni mlango, yeye huangalia chakula chake. Ukimuuliza njiani hatakuficha. Nimemwomba asikufiche.

Na Jumapili iliyofuata ukaja jikoni, ukauliza kwa Kiingereza, taratibu, kama hutaki kunisumbua: hakuna aliyepiga? Nikasema hakuna. Ukasema sawa. Ukanioshea vyombo.

Ulikuwa mzuri kiasi hicho, Mapendo. Alikutaka. Aliyedondosha mpira ni mimi, niliugusa kwa mikono miwili, liandike kosa kwa jina langu.

Karatasi niliificha ndani ya redio, kwenye kile kishimo cha betri ambacho hatukuwahi kukitumia. Leo nilipanda kiti kuitoa, nikaivuta kwa haraka. Redio haikuanguka. Niliiangusha. Mama yako nitamwambia haya yote kesho, mkishaondoka, na usimhurumie baba yako kwa sababu ya hilo.

Nilipoiokota karatasi niliishika na simu, nikataka nimpigie kocha nimweleze. Sikupiga. Mara ile nilisema kwa niaba yako bila kukuuliza. Namba sasa ni yako: ipige, iache, au itupe kwenye mto wa Niagara. Glavu sijaigusa, iko ulipoiacha. Nami pia nipigie au usinipigie. Nikirudi kazini nitakuwa naitazama simu kabla ya kumtazama mtu.

Mungu akutangulie mpaka mlangoni kwa shangazi yako. Mimi mlango wangu nimeufungua, nimechelewa.

Karatasi iko humu ndani ya bahasha. Chini ya namba kuna neno moja niliandika Jumanne ile, redio ikiwa bado inazungumza, kwa furaha ya mtu aliyedhani amemheshimu mwanawe: "Watarudi."

Baba